Hojaji, mahojiano, jaribio au takwimu za mwenendo: njia ipi ikufae kuchunguza jinsi watu wanavyouona ugaidi?

Siku 11 hadi 13 baada ya mabomu ya London ya Julai 7, 2005, watafiti waliwapigia simu wakazi 1,010 wa jiji hilo. Asilimia 31 walikuwa na msongo mkubwa wa mawazo, na asilimia 32 walisema wanakusudia kupunguza safari zao. Miezi saba baadaye watafiti walirudi kwa waliokubali kuhojiwa tena. Msongo ulikuwa umeshuka hadi asilimia 11. Ukisoma awamu ya kwanza peke yake, utadhani jiji zima limeishiwa nguvu. Ukianza na ya pili, utaona watu wameshayazoea. Chombo ni kilekile, jiji ni lilelile, lakini jibu limebadilika kwa sababu ya kalenda tu.

Anayeandika pendekezo la utafiti kuhusu ugaidi Nairobi, Garissa, Mombasa au Dar es Salaam hukwama mapema kuliko hapo. Msimamizi amezoea hojaji, rafiki anasifia mahojiano ya kina, mfadhili anataka jaribio, na mchumi wa idara anauliza kwa nini usichukue takwimu za watalii umalize kazi. Wote wana hoja. Tatizo ni kwamba kila mmoja anazungumzia kitu tofauti, na vyote vinaitwa "mtazamo wa hatari".

Vigezo kabla ya njia

Kigezo kikubwa ni kimoja: unataka kujua makadirio, hisia au tendo? Makadirio ni kile mtu anachodhani kuhusu uwezekano wa shambulio kumfika. Hisia ni hofu, hasira, mashaka. Tendo ni kile anachokifanya au kukiacha: kubadilisha kanisa, kukwepa jumba la biashara Jumamosi, kuahirisha safari ya Lamu. Vitu hivi vitatu havitembei pamoja. Mtu anaweza kusema uwezekano ni mdogo sana na bado moyo ukamdunda kila mlinzi anapopitisha kifaa chini ya gari. Mwingine ana hofu kubwa lakini yuko sokoni alfajiri kila siku, kwa kuwa watoto watakula nini.

Mwanasaikolojia Paul Slovic na wenzake walionyesha miongo mingi iliyopita kwamba watu wa kawaida hawapangi hatari kwa idadi ya maiti. Wanatazama zaidi mambo mawili: jambo linatisha kiasi gani, na halijulikani kiasi gani. Ugaidi unatisha kwa sababu unaua wengi kwa mkupuo, mtu hana namna ya kuudhibiti, na hajui utatokea lini. Ndiyo maana mashambulio ya jumba la biashara la Westgate (watu 67 waliouawa, Septemba 2013), Chuo Kikuu cha Garissa (148, Aprili 2015) na hoteli ya DusitD2 (21, Januari 2019) yanakumbukwa kwa tarehe, ilhali barabara za Kenya huua zaidi ya watu 3,000 kwa mwaka na hakuna anayekumbuka ilikuwa Jumanne ipi. Kuna watafiti wanaomalizia hapo kwa kuandika kwamba wananchi "hawana mantiki". Huo ni uvivu. Mtu anayejibu swali la ugaidi anajibu pia kama serikali inaweza kumlinda, nani analengwa, na baada ya bomu nani atakamatwa.

Vigezo vingine ni vifupi. Uwakilishi: unataka kusemea kaunti nzima, au kuwaelewa watu 20 vizuri? Unyeti: je, mtu atasema ukweli mbele ya mgeni aliyeshika kishikwambi? Wakati: ni siku, miezi au miaka mingapi tangu tukio? Nguvu kazi: una wadadisi 12 au ni wewe na kinasa sauti? Na usalama wa washiriki, ambao kwa mada hii si sehemu ya kujaza fomu tu.

Tutazipima njia nne kwa maswali yaleyale: inapima nini, inafanyikaje, inaharibikia wapi, inamfaa nani.

Hojaji

Inapima nini. Makadirio na hisia kama watu wanavyozitamka, kwa idadi inayoweza kusemea umma. Matendo inayapima kwa udhaifu, kwa sababu nia ya kupunguza safari si sawa na kupunguza safari.

Inafanyikaje. Anza na swali lenyewe. "Je, hatari ya ugaidi nchini ni kubwa, ya wastani au ndogo?" ni swali bovu ingawa limejaa kwenye tasnifu. Hatari kwa nani? Lini? Wapi? Na "kubwa" ni uwezekano mkubwa au madhara makubwa? Lenye afadhali ni: "Katika miezi 12 ijayo, unadhani kuna uwezekano gani kwamba wewe mwenyewe utaumizwa katika shambulio la kigaidi?" Halafu uliza hilohilo kuhusu mwananchi wa kawaida. Utafiti wa Jennifer Lerner na wenzake nchini Marekani, miezi miwili hivi baada ya Septemba 11, 2001, ulipata kwamba watu walijipa wenyewe wastani wa asilimia 20.5 ya kuumizwa ndani ya mwaka, na Mmarekani wa kawaida wakampa asilimia 47.8. Angeuliza upande mmoja tu, pengo hilo lisingeonekana, na pengo ndilo lenye habari.

Asilimia zina mtego wake. Wanaojibu "50" wengi hawamaanishi nusu kwa nusu, wanamaanisha "nitajuaje mimi?". Weka kitufe cha "sijui" na uulize swali la pili kwa kila aliyesema 50. Kwa wasiozoea asilimia, watafiti nchini Malawi waliwapa washiriki punje 10 za maharage waweke kwenye sahani, kadiri punje zinavyozidi ndivyo jambo linavyoelekea kutokea. Njia hiyo ilifanya kazi vizuri kwa maswali ya VVU. Kwa ugaidi ina kasoro moja: punje moja ni asilimia 10 tayari, na hakuna anayekadiria kwa akili timamu kwamba mtu mmoja katika kila kumi atalipuliwa. Hapa kadi za picha zinasaidia zaidi. Chora ajali ya matatu, malaria, wizi wa kutumia nguvu, mafuriko na shambulio la kigaidi, kisha mwombe azipange mara mbili: kwanza kwa inayoelekea zaidi kumfika, pili kwa inayomtia hofu zaidi. Mpangilio wa kwanza na wa pili ukitofautiana, umeshapata sura nzima ya tasnifu.

Kuhusu ukubwa wa sampuli, 384 wanaijua wote: ndiyo idadi inayokupa kiwango cha makosa cha asilimia 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Kinachosahaulika ni kwamba hesabu hiyo inachukulia umemchagua kila mtu kwa nasibu kutoka orodha moja. Ukienda kwa maeneo ya kuhesabia watu yaliyochorwa kwa ajili ya sensa na kuhoji majirani, majibu yao hufanana, kwa hiyo unazidisha kwa 1.5 hadi 2, na 384 inakuwa 576 hadi 768. Na hiyo ni kwa kusemea kaunti yote. Ukitaka kulinganisha Likoni na Nyali ndani ya Mombasa, kila upande unahitaji sampuli yake.

Afrobarometer, mtandao wa kupima maoni ya umma Afrika, wanaohoji watu 1,200 au 2,400 kwa nchi, huchukua watu 8 katika kila eneo la kuhesabia. Ukifuata mtindo huo kwa watu 600, una maeneo 75. Timu ya wadadisi wanne na msimamizi mmoja humaliza eneo moja kwa siku, kwa hiyo timu tatu ni siku 25 za kazi bila kuhesabu safari, mvua na Ijumaa mchana.

Inaharibikia wapi. Kwa mwenye kuuliza. Uchambuzi wa data za Afrobarometer umeonyesha kwamba majibu hubadilika kutegemea kama mdadisi na mhojiwa ni wa kabila moja au la. Kwa swali la ugaidi ongeza dini: mdadisi mwenye jina la Kikristo akiuliza Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, au mwenye hijabu akiuliza Garissa mjini kwa mwalimu aliyetoka bara, atapata majibu mawili ya adabu na pengine yote si ya kweli. Huwezi kuliondoa hili kabisa. Unachoweza ni kurekodi jinsia, dini na lugha ya kila mdadisi, kuwachanganya katika maeneo yote, kisha kuingiza vipengele hivyo kwenye uchambuzi.

Kuna pia kosa la kuingia kijijini na chifu au mzee wa Nyumba Kumi. Kibali kinakutaka upite kwao, na ni sawa, lakini wabaki ofisini. Mhojiwa akikuona umeletwa na mkono wa serikali, hofu yake ya ugaidi itapanda na imani yake kwa polisi itapanda zaidi. Iga Afrobarometer: mwishoni mwa hojaji uliza, "Unadhani ni nani aliyetutuma?" Waliosema "serikali" wachambue peke yao uone kama wanatofautiana na wengine.

Simu ni nafuu na haraka, na baada ya tukio haraka ni muhimu. Lakini Afrika Mashariki namba ngeni inayouliza kuhusu magaidi hukatwa kabla hujataja chuo chako, kwa kuwa matapeli wa simu wamewachosha watu. Usizidishe dakika 15, tuma ujumbe mfupi wa kujitambulisha siku moja kabla, na kumbuka wanawake wa vijijini na wazee watapungua kwenye sampuli.

Inamfaa nani. Anayehitaji idadi ya kuipeleka kwa wizara, kaunti au shirika, na mwenye wadadisi. Haimfai anayeanza bila kujua watu wenyewe wanalizungumzaje jambo hilo, maana atauliza vizuri maswali yasiyo yao.

Mahojiano ya kina na majadiliano ya vikundi

Inapima nini. Hisia na sababu: watu wanaunganisha nini na nini. Haipimi ukubwa wa kitu chochote, na sentensi kama "washiriki wengi (asilimia 60)" kutoka kwa watu 15 inapaswa kufutwa.

Inafanyikaje. Kwa mahojiano ya mtu mmoja mmoja, idadi inayotajwa sana ni 12. Imetoka kwenye utafiti wa mahojiano 60 na wanawake wa Ghana na Nigeria, ambapo mada mpya zilikuwa zimekaribia kuisha baada ya mahojiano 12. Ila washiriki wale walifanana. Kama una wafanyabiashara Wasomali wa Eastleigh, walinzi wa majumba ya biashara na wazazi wa wanafunzi wa Garissa, hayo ni makundi matatu, na 12 ni ya kila moja. Vikundi viwe vya watu 6 hadi 8, dakika 60 hadi 90, wanaume mbali, wanawake mbali, vijana mbali na wazee. Kijana wa miaka 19 hatasema polisi walimfanya nini mbele ya baba yake mdogo.

Usifungue kwa neno ugaidi. Anza na "siku yako ya kawaida unaenda wapi, na wapi hupendi kupita?" Mara nyingi neno litakuja lenyewe, na likija lenyewe utajua limekaa wapi katika akili ya msemaji. Baada ya msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch wa Aprili 2014, maelfu walipokamatwa na wengi kuzuiliwa uwanja wa Kasarani, mkazi wa Eastleigh aliyeulizwa kuhusu "usalama" alikuwa na mambo mawili ya kuogopa, na moja lilivaa sare. Hojaji iliyoandikwa na mtu asiyejua hilo isingekuwa na kisanduku cha kulitia alama.

Inaharibikia wapi. Kwanza, saa. Saa moja ya sauti inachukua saa 4 hadi 6 kuinukuu, na ya kikundi zaidi, kwa sababu watu hukatizana na hubadilisha lugha katikati ya sentensi, Kiswahili kinaingia Kisomali kinatoka. Mahojiano 20 ni kama saa 100 za kunukuu kabla hujaweka alama ya mada hata moja.

Pili, msemaji mkubwa wa kikundi. Akishatoa kauli ya kwanza, waliobaki huizunguka. Waombe kila mmoja achore au ataje jibu lake kabla ya mazungumzo kufunguliwa.

Tatu, na hapa pasichezewe, kuna anayeanza kutaja watu. Mshiriki akisema "yuko kijana hapa mtaani aliyeenda huko", msimamishe kwa upole: "Hatuhitaji jina wala nyumba ya mtu." Katika maelezo ya ridhaa usiahidi siri isiyo na mipaka, kwa sababu sheria inaweza kukulazimisha kutoa ulichonacho. Njia salama ni kutokuwa nacho. Ridhaa iwe ya mdomo, maana sahihi kwenye karatasi mara nyingi ndiyo kitu pekee kinachomuunganisha mtu na maneno yake. Sauti ifutwe ikishanukuliwa, na kinasa kisiwe simu yako inayohifadhi kila kitu mtandaoni.

Inamfaa nani. Mwanafunzi asiye na bajeti lakini mwenye lugha ya watu na muda. Inamfaa pia mtu yeyote anayetaka kutunga hojaji baadaye: mahojiano 10 hadi 15 ya awali huokoa hojaji nzima.

Jaribio ndani ya hojaji

Inapima nini. Chanzo. Hojaji inaweza kusema wenye hofu wanakadiria hatari juu zaidi. Haiwezi kusema kama hofu ndiyo iliyopandisha makadirio au makadirio ndiyo yaliyoleta hofu. Jaribio linagawa watu kwa nasibu, linabadilisha kitu kimoja, kisha linatazama tofauti.

Utafiti uleule wa Lerner ni mfano mzuri. Kati ya Wamarekani 973, wengine waliwekwa kwenye hali ya hofu na wengine hasira, kupitia habari na kazi ya kuandika. Waliotiwa hofu walikadiria hatari juu zaidi na wakataka tahadhari. Waliotiwa hasira walikadiria chini. Tukio ni moja, hisia mbili, na mwelekeo tofauti. Kwa hiyo "mtazamo hasi baada ya shambulio" si kipimo kimoja. Ukijumlisha hofu na hasira kwenye alama moja, zinaweza kufutana na ukatangaza kwamba hakuna athari.

Majaribio mengine hubadilisha maneno tu. Mwaka 1993 Eric Johnson na wenzake waliwauliza watu wangelipa kiasi gani kwa bima ya maisha ya safari ya ndege. Kwa kifo kutokana na ugaidi walitaja wastani wa dola 14.12, kwa kifo cha sababu yoyote ile, dola 12.03. Sababu yoyote ile inajumuisha ugaidi. Kitu chenye picha kichwani kililipiwa zaidi kuliko kitu kizima chenye hicho ndani yake.

Inafanyikaje. Idadi ya watu kwa kila kundi unaipata kwa kugawa 16 kwa mraba wa tofauti unayotarajia, ikipimwa kwa mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi majibu ya watu yanavyotawanyika). Tofauti ya 0.3 inahitaji watu karibu 178 kwa kundi, ya 0.2 inahitaji 400. Makundi matatu kwa 0.2 ni watu 1,200, na hapo ndipo mapendekezo mengi hufa. Kipachike kichocheo, yaani habari au maneno unayoyabadilisha, kwa sauti iliyorekodiwa kwenye kishikwambi badala ya kumwachia mdadisi asome, la sivyo utapima sauti za wadadisi. Weka swali la kuhakiki mara moja baada yake: "Habari uliyosikia ilihusu nini?"

Kwa mambo ambayo watu hawawezi kuyasema kuna jaribio la orodha. Kundi moja linasomewa mambo manne na kuulizwa mangapi yanawatia hofu, bila kutaja yapi. Kundi la pili linasomewa manne hayo pamoja na la tano, "msako wa polisi mtaani". Wastani wa kwanza ukiwa 2.1 na wa pili 2.4, inakadiriwa asilimia 30 wanaogopa msako. Ni njia nzuri yenye bei: mkengeuko sanifu ukiwa karibu 1 na watu wakiwa 500 kwa kundi, kiwango cha makosa ni takribani asilimia 12 juu na chini. Swali la moja kwa moja kwa watu hao 1,000 lingekupa asilimia 3. Orodha mbovu huongeza hasara. Ukiweka bei ya unga, ajali, maradhi na wizi, karibu kila mtu atasema manne, na aliyepewa la tano akisema matano amejifichua. Changanya: kimoja wanachokiogopa wengi, kimoja wanachokiogopa wachache kama kupanda lifti, na viwili ambavyo anayeogopa kimoja haelekei kuogopa kingine.

Afghanistan watafiti walitumia njia nyingine ya pembeni. Waliuliza wanaume 2,754 katika vijiji 204 wanaunga mkono kiasi gani sera fulani, wakiwa wamegawanywa kwa nasibu: wengine hawakutajiwa anayeiunga mkono, wengine wakaambiwa inaungwa mkono na Taliban, na wengine na majeshi ya kigeni. Tofauti ya kuungwa mkono ndiyo kipimo, na hakuna aliyeulizwa anampenda nani.

Inaharibikia wapi. Kwenye maadili, kabla ya takwimu. Usitunge tahadhari ya shambulio isiyo ya kweli, hata kama utaeleza mwishoni. Mhojiwa atatoka nje na simu, na ujumbe utafika vikundi vya WhatsApp vya mtaa mzima kabla hujafika sentensi ya kufafanua. Tumia habari za zamani zilizokwisha kuchapishwa, na picha zisiwe za miili. Kasoro ya pili ni kwamba athari ya dakika 10 ndani ya hojaji haisemi lolote kuhusu mwezi ujao, isipokuwa ukirudi kuuliza.

Inamfaa nani. Mwenye swali la "kwa nini" au "ujumbe upi ni bora", kwa mfano anayesaidia kuandika tangazo la tahadhari kwa umma. Haimfai anayetaka kujua hali ilivyo tu.

Takwimu za mwenendo

Inapima nini. Tendo, na tendo pekee. Hakuna anayeulizwa, kwa hiyo hakuna anayedanganya.

Kazi maarufu ni ya mwanasaikolojia Gerd Gigerenzer. Baada ya Septemba 11 Wamarekani walipunguza ndege na kuongeza magari, na kwa hesabu yake ya mwaka 2006 karibu watu 1,500 zaidi walikufa barabarani katika miezi 12 iliyofuata. Ila baadaye watafiti wengine walizitazama takwimu za barabarani wakaona ongezeko limejikita zaidi kaskazini-mashariki, karibu na mashambulio, na wakadai msongo wa madereva unaeleza zaidi kuliko kukwepa ndege. Hispania, baada ya mabomu ya treni ya Machi 11, 2004, abiria wa treni walipungua lakini magari hayakuongezeka barabarani. Kwa hiyo namba ulizopata bado zinahitaji mtu wa kueleza akili iliyozizalisha, na zenyewe haziwezi.

Inafanyikaje na inaharibikia wapi, hapa vinakwenda pamoja. Chukua utalii wa Kenya. Wageni walioingia walikuwa karibu milioni 1.5 mwaka 2013 na karibu milioni 1.18 mwaka 2015, na takwimu hizo zimo katika ripoti za uchumi za kila mwaka za KNBS, ofisi ya takwimu ya Kenya, pamoja na vitanda vya hoteli vilivyolaliwa. Inashawishi kuandika kwamba watalii waliogopa. Lakini Mei 2014 serikali ya Uingereza ilionya raia wake wasiende Mombasa isipokuwa kwa lazima, na kampuni za utalii zikawarudisha wateja wao na kufuta safari za ndege za kukodi. Mtu ambaye ndege yake imefutwa hajatoa maoni yoyote kuhusu hatari. Mwaka huohuo Ebola ya Afrika Magharibi ilitisha wateja wa safari ambao ramani ya Afrika kwao ni nchi moja. Ukitaka kutumia Zanzibar kama eneo la kulinganisha, kumbuka baadhi ya waliokimbia Mombasa wanaweza kuwa wamehamia huko, na wengine wamelikwepa eneo zima.

Ndani ya nchi ni vivyo hivyo. Abiria wa usiku wakipungua Lamu mwaka 2014, kulikuwa na amri ya kutotoka nje usiku. Kwa hiyo chukua miezi 24 hadi 36 kabla ya tukio, linganisha kila mwezi na mwezi uleule wa mwaka uliotangulia, na andika pembeni tarehe ya kila amri, onyo, mgomo, uchaguzi na Ramadhani. Safu hiyo ya pembeni ndiyo kazi yenyewe.

Wengine huongeza idadi ya utafutaji wa maneno mtandaoni. Ni nyongeza tu: hupanda na habari, na hushuka nazo.

Inamfaa nani. Mwenye ujuzi wa takwimu za mfululizo wa muda na asiye na fedha za kwenda uwanjani, au asiyeweza kuwafikia watu kwa usalama. Pia ndiyo njia pekee unayoweza kuitumia kwa tukio la zamani. Kwa mabomu ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam ya Agosti 7, 1998, ukiwauliza watu leo walihisi nini wakati ule, watakupa kumbukumbu ya leo. Watafiti waliowarudia Wamarekani mwaka mmoja baada ya makadirio yao ya mwanzo walikuta wengi wanakumbuka kuwa walikadiria chini kuliko walivyokadiria kweli.

Kwa hali yako

Shambulio limetokea wiki iliyopita na huna kibali. Usiende uwanjani. Anza kukusanya takwimu za mwenendo na habari, andika pendekezo, na panga awamu mbili za simu: moja mara kibali kinapotoka, nyingine miezi sita au saba baadaye kwa watu walewale. Omba mwanzoni ridhaa ya kupigiwa tena, na panga kupoteza karibu nusu yao.

Ni tasnifu ya uzamili, uko peke yako, una miezi minne. Mahojiano 12 hadi 20 kwenye kundi moja lililo wazi, si "wakazi wa Nairobi". Msimamizi akisisitiza namba, ongeza zoezi la kadi za picha kwa washiriki haohao na uziripoti kama mpangilio, bila asilimia.

Kaunti au shirika linataka kujua kama wananchi wanajiona salama. Hojaji ya ana kwa ana, watu 600 au zaidi, ikitanguliwa na vikundi vinne hadi sita vya kutungia maswali. Fedha zikipungua, kata idadi ya maswali kabla hujakata idadi ya watu.

Unataka kujua kama onyo la serikali linatuliza au linatisha. Jaribio, makundi mawili tu, watu 400 kwa kila moja, na onyo la kweli lililowahi kutolewa.

Unauliza kuhusu hofu ya vyombo vya usalama. Jaribio la orodha kama unafikia watu 2,000. Chini ya hapo, mahojiano na mtu anayeaminika mtaani, bila kinasa, ukiandika vidokezo jioni.

Kwa hali zote hizi, Kenya utahitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), na data za watu zinaangukia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania Bara ni COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na Zanzibar ina utaratibu wake. Kichwa cha utafiti chenye neno ugaidi huzua maswali zaidi kuliko chenye "mtazamo wa wananchi kuhusu usalama", lakini usifiche mada ndani ya maelezo: afisa akija kuona maswali ambayo hayakuwa kwenye pendekezo, wanaopata taabu kwanza ni wadadisi wako walioko uwanjani.